Nani Ananunua Bidhaa? Mwongozo kwa Mkazi Anayetaka Kujiunga na Kampuni ya Uuzaji wa Moja kwa Moja

Wakazi wengi, hususan akina mama wenye watoto wadogo na vijana waliomaliza masomo bila kupata ajira, wamewahi kualikwa kujiunga na kampuni zinazouza bidhaa kupitia watu badala ya maduka. Mwaliko huletwa na jirani, shemeji au muumini mwenza. Bidhaa zenyewe huwa ni sabuni, vipodozi, vyombo vya jikoni, virutubisho vya lishe au vifaa vya usafi. Mwalikwa huelezwa kwamba atafanya kazi akiwa nyumbani, atajipangia muda wake, na kwamba mtaji unaohitajika ni mdogo.

Wapo waliojiunga na wakapata kipato kinachosaidia kulipa ada na kununua chakula. Wapo pia waliobaki na maboksi chini ya kitanda, deni katika kikoba na ndugu wasiosalimiana nao. Tofauti kati ya makundi haya mawili mara nyingi haitokani na bidii. Inatokana na kampuni iliyochaguliwa na maswali yaliyoulizwa, au yasiyoulizwa, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Halmashauri haipendekezi kampuni yoyote ya aina hii, wala haimzuii mkazi kujiunga na ile inayofuata sheria. Makala haya yanaeleza namna biashara hii inavyofanya kazi, mambo ya kupima kabla ya kujiunga, na ofisi zinazoweza kumsaidia mkazi kupata uhakika.

BIASHARA HII NI IPI?

Kuuza bidhaa mkononi si jambo geni. Akina mama wamekuwa wakipitisha vitenge na vyombo nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi, na wafanyabiashara wadogo wamezoea kuchukua bidhaa kwa mali kauli, wakauza kwanza na kumlipa mwenye mali baadaye. Nchini Marekani, kampuni inayojulikana leo kwa jina la Avon ilianza mwaka 1886, ikiwatumia zaidi wanawake kuuza manukato na vipodozi kwa majirani zao. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa mwepesi kueleweka: muuzaji ananunua kwa bei ya chini, anauza kwa bei ya juu kidogo, na tofauti ya bei ni faida yake.

Baadaye likazuka tawi jingine, ambalo hapa nchini watu wengi huliita biashara ya mtandao. Katika mfumo huo muuzaji ana njia mbili za kupata fedha. Ya kwanza ni ile ya zamani, yaani faida ya kuuza bidhaa. Ya pili ni kamisheni anayopewa na kampuni kutokana na manunuzi ya watu aliowaingiza, pamoja na manunuzi ya watu walioingizwa na hao aliowaingiza. Njia hii ya pili ndiyo inayozungumzwa zaidi katika semina, pamoja na ngazi zake zenye majina ya madini na vito. Ndiyo pia inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi.

SWALI LA KWANZA: FEDHA INATOKA WAPI?

Kabla ya kuuliza utapata kiasi gani, uliza fedha hiyo inatoka kwa nani. Ikitoka kwa mteja aliyenunua sabuni kwa sababu anataka kufulia, hiyo ni biashara. Ikitoka kwa mwanachama mpya aliyenunua sabuni ili apate nafasi ya kuingiza wanachama wengine, hali hiyo inakaribia upatu haramu, hata kama sabuni ipo na inatoa povu.

Neno upatu lina maana mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Upatu wa asili, ambao wengi huuita mchezo, ni utaratibu wa kusaidiana. Akina mama kumi wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa wiki, kila wiki mmoja wao hupokea shilingi 100,000. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa shilingi 100,000 na amepokea shilingi 100,000. Duara limefungwa na hakuna aliyedhulumiwa.

Upatu haramu haufungi duara. Anayeingia hulipa walio juu yake, kisha yeye naye hulazimika kutafuta wengine chini yake ili arejeshe alichotoa. Chukua mfano wa mpango unaomtaka kila mtu aingize watu watano. Mwanzilishi anaingiza watu 5, nao wanaingiza 25, kisha 125, kisha 625, kisha 3,125. Katika duru ya sita wanahitajika watu wapya 15,625, yaani idadi inayoweza kumaliza wakazi wa kata nzima. Mpango huo ukifika duru ya kumi na moja utakuwa umekusanya watu 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 katika Tanzania yote, wakiwamo watoto wachanga na wazee.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine muhimu. Mpango wa namna hiyo ukisimama katika duru yoyote ya mbali, takribani watu wanne kati ya kila watano watakuwa katika safu ya mwisho, wametoa fedha na hawana mtu chini yao. Hawakukosa juhudi; walikosa watu wa kuwaingiza, na idadi ya watu ina kikomo.

Sheria ya Tanzania inalitambua tatizo hili. Kifungu cha 171A cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinafanya uendeshaji wa upatu wa aina hii kuwa kosa la jinai. Wengi wanaikumbuka DECI, ambayo wanachama wake walipanda fedha kama mbegu kwa ahadi ya kuvuna nyingi zaidi. Serikali ilisimamisha shughuli zake mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. DECI haikuwa ikiuza sabuni wala vipodozi. Mipango iliyofuata imejifunza kuweka bidhaa mbele, ndiyo maana kuwapo kwa bidhaa peke yake hakutoshi kuwa uthibitisho.

Mawakala wa kampuni nyingi hujibu kwamba hakuna anayelazimishwa kuingiza watu, na kwamba mtu anaweza kuuza tu. Jibu hilo likiwa la kweli, ni jema. Basi mkazi alipime kwa swali moja: je, mtu asiyetaka kabisa kuwa mwanachama angeinunua bidhaa hii, kwa bei hii, mwezi huu na mwezi ujao?

KUPIMA BIDHAA NA BEI YAKE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii bidhaa zote hutembezwa, nzuri na mbaya, hivyo mnunuzi wa kwanza, ambaye ni muuzaji mwenyewe, hana budi kuwa na jicho kali.

Njia rahisi ni kuchukua bidhaa tatu za kampuni na kulinganisha bei zake na za bidhaa zinazofanana katika maduka ya mtaani na sokoni. Bidhaa ya kampuni ikiwa ghali mara mbili au tatu, kuwe na sababu ambayo mteja wa kawaida ataiona kwa macho au kuihisi katika matumizi. Kisha waulizwe watu kumi ambao si ndugu wala marafiki wa karibu kama wangenunua. Ndugu hununua mara ya kwanza kwa kuona haya. Biashara huishi kwa mteja anayerudi mara ya tatu.

Jambo la pili ni usalama. Chakula na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na tiba asili na tiba mbadala zina Baraza lake. Mkazi amuulize wakala bidhaa imesajiliwa na mamlaka ipi, kisha ahakiki mwenyewe. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni haviruhusiwi nchini, na anayeviuza hawezi kujitetea kwa kusema aliletewa na kampuni.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu virutubisho vinavyonadiwa kuwa vinaponya kisukari, shinikizo la damu, saratani au Virusi vya UKIMWI. Kirutubisho si dawa. Mgonjwa anayeacha dawa alizoandikiwa hospitalini kwa sababu jirani amemuuzia kopo la unga anahatarisha maisha yake, na muuzaji aliyetoa ahadi hiyo amebeba dhamana ambayo hakuna kamisheni inayoweza kuilipa. Kampuni inayowafundisha mawakala wake kutoa ahadi za uponyaji haifai kuchaguliwa, hata ikiwa malipo yake ni mazuri.

KUUSOMA MKATABA

Mikataba mingi ya kampuni hizi huandikwa kwa Kiingereza na husainiwa mwishoni mwa semina, wakati makofi na nyimbo bado vinaendelea. Mkazi ana haki ya kuuchukua mkataba nyumbani, kusomewa kwa Kiswahili na mtu anayemwamini, na kurudi siku nyingine. Nafasi inayodaiwa kufungwa usiku wa leo aghalabu hufunguliwa tena kesho asubuhi.

Katika mkataba yatafutwe mambo manne.

Kwanza, gharama ya kujiunga. Kianzio kiwe kidogo na kieleweke kinalipia nini. Mpango unaotoa ngazi ya juu kwa anayenunua kifurushi kikubwa unauza ngazi. Bidhaa imegeuka kisingizio.

Pili, sharti la kununua kila mwezi. Kampuni nyingi humtaka mwanachama anunue kiasi fulani kila mwezi ili abaki hai na aendelee kupokea kamisheni. Iulizwe wazi: mwezi ambao mtoto ameugua na hakuna kilichouzwa, itakuwaje?

Tatu, urejeshaji wa bidhaa. Kampuni makini hukubali kununua tena bidhaa zisizouzwa kutoka kwa mwanachama anayejitoa, ndani ya muda uliotajwa na kwa asilimia iliyotajwa. Ahadi ya mdomo haihesabiki.

Nne, msingi wa kamisheni. Mkataba ueleze kama kamisheni inatokana na bidhaa zilizofika kwa walaji au inatokana na manunuzi ya wanachama wapya.

Vipimo hivi vina historia. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kuwa kampuni ya Amway haikuwa mpango haramu wa upatu, na miongoni mwa yaliyozingatiwa ni kanuni zake tatu: kurudisha bidhaa zisizouzwa, kumtaka muuzaji awe ameuza asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, na kumtaka awe na wateja 10 wa rejareja kila mwezi. Mwaka 2016, mbele ya tume hiyo hiyo, kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 200 na kubadili mfumo wake ili malipo ya mawakala yategemee mauzo halisi kwa wateja. Katika mashauri yote mawili swali lilikuwa lile lile: nani ananunua bidhaa?

HESABU YA NYUMBANI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ufuatao ni mfano wa kufundishia tu, na kila mkazi anaweza kuweka tarakimu za kampuni anayoifikiria.

Mwanachama analipa shilingi 180,000 za kujiunga. Ndani yake kuna bidhaa anazoweza kuuza kwa shilingi 120,000. Shilingi 60,000 zilizobaki ni usajili na vitabu. Hata akiuza kila kitu, anaanza akiwa nyuma kwa shilingi 60,000.

Kila mwezi anatakiwa kununua bidhaa sita kwa shilingi 15,000 kila moja, yaani shilingi 90,000. Akiziuza zote kwa shilingi 20,000, anapata shilingi 120,000. Faida kabla ya gharama ni shilingi 30,000. Akitoa nauli shilingi 9,000, vifurushi vya simu shilingi 5,000 na makato ya kutuma fedha shilingi 2,000, anabakiwa na shilingi 14,000. Kwa mwendo huo atarudisha zile 60,000 katika mwezi wa tano, na hapo ndipo faida itakapoanza.

Sasa mwezi ambao ameuza bidhaa nne tu: ameingiza shilingi 80,000, amelipa 90,000 za bidhaa na 16,000 za gharama. Mkononi amepungukiwa shilingi 26,000, na kabatini ana bidhaa mbili. Akikopa ili abaki hai mwezi unaofuata, upungufu unahamia katika deni.

Mifano inayoonyeshwa katika semina huhesabu mapato pekee. Mkazi anayetaka kujua ukweli amwombe aliyemwalika amwonyeshe taarifa ya miezi sita ya fedha zilizoingia na zilizotoka, si picha ya gari wala hundi kubwa ya karatasi. Asiyeweza kuionyesha huenda naye hajaandika daftari.

MTAJI WA WATU

Biashara hii hutumia mtaji ambao hauandikwi popote, nao ni uhusiano wa mtu na jamaa zake. Anayemwingiza dada yake katika mpango mbovu hupoteza zaidi ya fedha. Katika mtaa ambako watu hukopeshana chumvi, huleana watoto na huzikana, hasara hiyo ni kubwa kuliko shilingi 180,000.

Kwa sababu hiyo inashauriwa kuanza kwa kuuza, na kutomwingiza mtu yeyote kwa miezi mitatu au minne ya mwanzo. Ikiwa bidhaa zinauzwa na daftari linaonyesha faida, mwaliko utakuwa na ushahidi. Ikiwa haziuzwi, hasara itaishia kwa mtu mmoja. Mikopo ya bidhaa kwa majirani nayo iwekewe kikomo na iandikwe, kwa kuwa mteja mwenye deni huanza kukwepa njia ya nyumba yako, na hapo hupotea mteja na jirani kwa pamoja.

Vikundi vinakumbushwa kuhusu matumizi ya fedha za mikopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hutolewa kwa mradi ulioandikwa katika andiko la kikundi. Kuuchepusha ili kulipia kianzio cha kampuni ya uuzaji ni kukiuka masharti ya mkopo, na marejesho yatadaiwa kwa kikundi chote. Fedha za kikoba, ada za shule na akiba ya matibabu nazo zisitumike kwa jambo ambalo matokeo yake bado hayajapimwa.

MAHALI PA KUULIZA

Mkazi anayetaka kuhakiki kampuni anaweza kufuata hatua hizi:

1. Aombe jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, kisha ahakiki kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Izingatiwe kuwa usajili unathibitisha kwamba kampuni ipo kisheria. Hauthibitishi kwamba mpango wake wa malipo ni halali wala kwamba una faida.

2. Afike Ofisi ya Biashara ya Halmashauri kuuliza kama kampuni au wakala wake mwenye ofisi au ghala wilayani ana leseni ya biashara.

3. Ahakiki bidhaa kwa TBS au TMDA, kulingana na aina yake.

4. Aombe Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Namba hiyo hutolewa bila malipo, na maofisa wataeleza wajibu wa kodi kulingana na ukubwa wa mauzo.

5. Amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kwa ushauri wa kuandika hesabu za biashara ndogo, hata kama hana kikundi.

Aliyepotoshwa kuhusu bidhaa au masharti anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Aliyetoa fedha katika mpango unaolipa wanachama kwa fedha za wanachama wapya atoe taarifa Polisi mapema, akiwa na stakabadhi, ujumbe wa simu na majina ya waliopokea fedha. Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya wao huwapa waendeshaji muda wa kuhamia kata nyingine.

Ofisi za kata hufunguliwa siku za kazi, na ushauri hutolewa bila malipo. Mkazi aje na mkataba kabla hajausaini, pamoja na orodha ya bei za bidhaa. Karatasi hizo mbili na nusu saa ya mazungumzo zinatosha kujibu sehemu kubwa ya maswali yaliyoorodheshwa hapa.